Ukuta Unaoishia Kwenye Pazia

Mama yake mchumba wangu alitufungulia geti, mimi na fundi wa makabati, akiwa na ufagio mkononi, na muda wote tuliokaa pale hakuuweka chini. Salamu yangu aliipokea kwa kidevu. Ya fundi aliijibu vizuri, akamuuliza na habari za nyumbani kwake, akamwambia apite asione haya. Kisha akaniangalia mimi kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, kama mtu anayetafuta doa.

"Kumbe kupima ukuta kunahitaji msafara," alisema.

Nilimjibu kwamba fundi ametumwa na duka, kwamba duka lao halileti kabati mpaka mtu wao akione chumba kwa macho yake. Ilikuwa kweli. Ila mimi ndiye niliyemwomba aje mapema, kabla mchumba wangu hajatoka kazini. Nilitaka kuuona huo ukuta bila mtu wa kunieleza.

Wiki iliyotangulia tulikuwa tumekwenda dukani sisi wawili, mimi na Dakta. Mtaa mzima unamwita mchumba wangu Dakta ingawa ni muuguzi, naye alishachoka kusahihisha. Mwanamke wa pale dukani alituonyesha makabati ya nguo yanayouzwa kwa vipande. Unachukua kimoja, viwili au vitatu, unaviunga kwa skrubu vinakuwa kitu kimoja, na siku ukihama unavifungua. Kila kipande kina upana wa mita moja. Tukasimama mbele ya kabati la vipande vitatu, tukagawana. Kipande cha kwanza mashati na sare zake nyeupe. Cha kati rafu, za shuka na mataulo. Cha tatu hakina rafu hata moja, kina chuma cha kutundikia tu kule juu, na hicho kilikuwa changu. Mimi ni mshonaji. Magauni ninayovaa ndiyo matangazo ya biashara yangu, na gauni refu ukilikunja umeliua.

Dakta alifungua mlango wa kile kipande changu, akaingiza kichwa na mabega, akasema siku nikimfukuza kitandani atalala humo. Muuzaji alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilimwangalia tu yule mwanamume aliyejikunja ndani ya kabati kwa ajili ya kunichekesha, nikayaona maisha yangu yametundikwa pale, yamenyooka, hayana hata kunyanzi moja.

Jioni ile akakipima chumba chake, ndimo ambamo tungekuja kuishi baada ya harusi, nyumbani kwa mama yake. Akanipigia simu. Vitatu haviingii, alisema. Ukuta unachukua viwili tu. Akaniambia magauni yangu tutayatafutia sanduku. Aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayekuambia mkate umekwisha.

Mimi kile chumba nilikuwa nimekichungulia mara moja tu, nimesimama mlangoni. Lakini jicho langu linakula kwa kukadiria urefu wa vitambaa, na jicho lilikataa.

Sasa nilikuwa ndani. Kitanda kikubwa, meza yenye taa, dirisha linalotazama kamba ya kuanikia nguo. Ukuta wa kushoto ndio ulikuwa wa kabati, na mwisho wake, kwenye kona, kulikuwa na pazia zito la kahawia kutoka darini hadi sakafuni. Nilidhani wameficha mafagio.

Wifi alikuwa ameshajikalisha kitandani kwetu na bakuli la karanga. Huyu ni dada yake Dakta, ameolewa, ana nyumba yake mtaa wa pili, lakini mdomo wake haujawahi kuhama kwao. Alimuuliza fundi kama kweli kuna kabati linaloweza kutosha nguo za mshonaji, au wabomoe na sebule. Fundi alisema yeye ni mtu wa mbao, mambo ya ukoo hayawezi, akaendelea na kazi.

Alianza na kimo. Akatueleza kwamba kabati hili litaungwa likiwa limesimama, kipande kwa kipande, maana watu wengine huliunga likiwa limelala, wakilisimamisha pembe inagota darini, inabidi walifungue upya. Halafu upana. Alipima chini, akapima katikati, akapima juu, akatikisa kichwa. Ukuta una tumbo, alisema, na kuta nyingi zina tumbo. Ukipata vipimo vitatu, unafuata kile kidogo. Tepu yake ya chuma ilifika kwenye pazia ikasita.

"Hili limefunika nini, mama?" aliuliza.

"Limefunika kilichofunikwa," mama alijibu kutoka mlangoni.

Lakini fundi ni fundi. Alishalivuta.

Nyuma ya pazia hapakuwa na ukuta. Palikuwa na fremu ya mlango isiyo na mlango, bawaba zake zimepakwa rangi juu kwa juu. Na upande wa pili, karibu kiasi kwamba niliweza kusoma maua ya foronya, kilikuwa kitanda cha mama mkwe wangu. Kichwa cha kitanda kimeegemea fremu. Mtu akilala pale, akinyoosha mkono, vidole vyake viko chumbani kwetu. Kwenye stuli kulikuwa na tochi na pampu yake ya pumu. Chini, ndala zake zimepangwa vizuri, zimeelekea upande wetu.

Fundi ndiye aliyezungumza kwanza. Mkipaziba hapa, alieleza, vitatu vinaingia na nafasi ya vidole inabaki. Msipopaziba, ni viwili.

"Hapazibwi," alisema mama.

Niliuliza kwa adabu yangu yote ubao wa mlango wenyewe uko wapi. Wifi alinijibu, karanga mdomoni, kwamba ubao ulitolewa zamani na sasa ndio meza ya kupigia pasi. Nikitaka nikauone, uko jikoni.

Hapo mama akaingia ndani, akasimama kati yangu na ile fremu, ufagio umesimama pembeni yake kama mkuki. Alituambia, ingawa macho yake yalikuwa kwa fundi, jinsi alivyobaki na watoto wadogo baada ya mumewe kufariki. Usiku mmoja kifua kilimbana, akataka kuita, sauti haikutoka. Mtoto alikuwa amelala nyuma ya mlango uliofungwa, hakusikia lolote. Aliyemwokoa ni jirani aliyekuja asubuhi kuomba kiberiti. Aliporudi kutoka hospitali, alimwita seremala kabla hata ya kula.

"Tangu siku hiyo," alisema, "mwanangu ananisikia nikipumua."

Sikuwa na moyo wa jiwe. Nilimwona yule mwanamke akiwa kijana kama mimi, amelala anautazama mlango uliofungwa. Kama angeishia hapo huenda ningekubali vipande viwili, nikarudi kwangu kutafuta sanduku. Ila hakuishia hapo. Aliongeza kwamba wake huja na wake huenda, mama ni mmoja, na msichana anayekuja kwenye nyumba ya watu na magauni ya kujaza ukuta ni vizuri ajue mapema nani alitangulia.

"Nimekuelewa, mama," nilisema. "Yeye anakusikia wewe ukipumua. Na mimi nitakapopumua, utanisikia wewe."

Karanga ilimkwama wifi kooni. Fundi alianza kuisoma tepu yake kana kwamba imeandikwa habari.

Mama hakutikisika.

"Mwanamke mwenye adabu," alisema, "hapumui kwa kelele."

Ndivyo Dakta alivyotukuta. Alisimama mlangoni na sare yake nyeupe, begi begani, ana uchovu wa siku nzima usoni, na kabla ya kumwona mtu mwingine yeyote aliniona mimi. Uso wake ukafunguka. Kwa muda mfupi ule nilisahau kwa nini nimekasirika, maana yule mwanamume akikutazama unahisi umekaribishwa mahali. Kisha akaliona pazia lililovutwa, na macho yake yakashuka sakafuni.

"Baba," mama yake alimwambia, kwa jina analomwitia tangu utotoni, "mwambie mwenzako nyumba hii ina utaratibu wake."

Hakumwambia mwenzake chochote, wala hakumwambia mama yake. Aliuliza kama fundi ameshapewa maji ya kunywa. Halafu, akipapasa kamba ya begi, alisema tunaweza kununua pazia lingine, zito zaidi ya lile. Wifi akasema ndiyo, la sufu. Fundi, maskini, alijitahidi kusaidia: kuna kipande cha nusu mita, kinaweza kusimama peke yake ukuta wa pili. Mama alimkatiza akisema kwamba hata hivyo viwili ni fadhila, kwamba yeye aliolewa na sanduku moja na ndoa yake ilivunjwa na kifo tu. Wifi akatoa lake: mwanamke mwenye nguo nyingi mguu mmoja uko nje. Nikamjibu kwamba mwenye mume mtaa wa pili anayeshinda hapa kutwa, yeye miguu yote miwili iko nje. Mama alisimamisha ufagio sawasawa, akamwita binti yake jikoni na kumwambia fundi akanywe maji sebuleni. Wifi aliondoka pale kama jino linalong'olewa.

Tukabaki wawili, katikati ya chumba kisichofungika. Tukanong'ona.

Alinyoosha mkono akashika ncha ya tepu yangu ya kushonea, iliyokuwa shingoni. Ni mazoea yake. Tulianza hivyo: alileta sare yake nimpunguzie kiuno, nikampima mabega mara mbili, ya pili haikuwa na sababu, naye akashika ncha ya tepu akaniuliza kama imekosea au ni mimi. Siku zote akiishika hivyo nacheka. Safari hii niliivuta ikamtoka mkononi.

"Ulinipigia simu ukaniambia ukuta ni mfupi," nilisema.

"Nilipima ukuta."

"Ulipima ukaishia kwenye pazia."

"Ndipo unapoishia."

Nilimtazama nikitafuta ujanja usoni pake. Mtu anayedanganya hupepesa, au huanza kueleza sana. Yeye alikuwa ananishangaa. Nilimuuliza kama aliogopa kunieleza habari za ile fremu, kama alikuwa anasubiri mpaka tuoane. Akasema hapana, halafu akafikiri, halafu akasema kitu kilichoniumiza kuliko yote niliyosikia siku ile.

"Haikunijia kichwani. Pale sijawahi kupahesabu kama ukuta. Ni kwa mama tu."

"Na mimi ningelala wapi?"

"Hapa. Na mimi."

"Na yeye?"

Akageuka akaiangalia ile fremu, ile foronya yenye maua, zile ndala. Niliona kabisa kwamba ndiyo mara ya kwanza anapatazama.

"Ungekuwa umenidanganya ningekuelewa," nilimwambia. "Mwongo anajua ukweli uko wapi, siku moja anaweza kurudi kuuchukua. Wewe ulishika tepu mkononi, ukapima chumba cha mkeo, ukamwachia mama yako kipande kilekile kilichokuwa changu. Na hukuona kitu."

Alisema nisiongee hivyo. Alisema mama ni mgonjwa, mimi mwenyewe nimeiona pampu, na kwamba kule kazini hakuna siku ambayo haletwi mtu aliyechelewa. Akisema hayo sauti yake ilikatika, na mimi nilitamani kumkumbatia na kumpiga, vyote kwa pamoja.

"Nilikubali kuishi na mama yako," nilisema. "Watu walinicheka, dada zangu walinikataza, nikakubali. Kuishi naye. Sikukubali kulala naye."

Upande wa pili wa fremu kitanda kililia. Mama alikuwa ameshaingia chumbani kwake, ameketi, anatusikiliza bila kujificha, kama mtu aliye kwake.

Nilichukua mkoba wangu. Sikumuaga mama yake, na najua hilo litasemwa miaka mingi. Nilipita sebuleni, nikamwambia fundi amalizie maji yake twende. Alikuwa ameyamaliza zamani, alikuwa ameshika glasi tupu ili awe na kitu cha kushika.

Dakta alinifuata mpaka getini. Fundi alitupita akaenda kufunga tepu na vifaa vyake nyuma ya pikipiki yake, akatupa mgongo kwa heshima. Jua lilikuwa bado kali. Dakta alisimama kati yangu na jua hilo, akanitilia kivuli, sidhani kama kwa kukusudia. Alikuwa na harufu ya sabuni ya hospitali. Nilimpenda mpaka meno yakaniuma.

"Sema unachotaka," alisema.

"Sitaki nyumba nyingine. Sitaki mama yako ahamishwe chumba. Hata kabati, chukua viwili, chukua kimoja, nguo zangu zitakaa dukani kwangu." Nilikuwa nimejiapiza sitalia, nikaongea taratibu ili nisilie. "Nataka mlango. Basi. Ubao unaofunga na kufungua. Usiweke kufuli, usiweke hata komeo. Usiku nikitaka kukuita jina lako uwe umefungwa, na yeye akibanwa uufungue. Hatua moja tu kutoka kitandani."

Niliuona ule mlango ukipita machoni pake, akiujaribu, akiufungua na kuufunga. Kisha mabega yakamshuka, akatabasamu tabasamu la mtu aliyetuliwa mzigo, akachukua mkono wangu akauweka kifuani, juu ya sare, mahali moyo wake ulipokuwa ukigonga.

"Kumbe ni hilo tu," alisema. "Nitauweka. Nitamwita seremala mwenyewe. Mshonaji wangu, nitauweka kabla ya harusi."

"Umwambie sasa. Mimi nikiwa hapa."

"Namwambia sasa."

Alikuwa ameshageuka nusu, mkono wangu bado mkononi mwake, ananivuta turudi ndani pamoja. Nami nilikuwa nimeinua mguu.

Ndipo mama akakohoa.

Kikohozi kilitoka dirishani kwake, kikubwa, cha kujaza ua. Kikatulia kidogo. Kikaja tena, kirefu zaidi, kikatulia, kama mtu anayebisha hodi kisha anategea sikio. Wifi alisikika akiita mama, mama, lakini kwa sauti ya mtu ambaye hajainuka kwenye kiti.

Dakta aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza. Namna ile ya kusikiliza nilikuwa naijua, ni ya kazini. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, siku moja dukani kwangu, tulipokuwa tukizungumza habari za wagonjwa wake, kwamba kifua kilichobanwa kweli hakina nguvu za kukohoa namna hiyo. Huwa kinapiga mluzi mdogo. Kikibanwa zaidi kinanyamaza. Ukimsikia mgonjwa wa pumu ana sauti ya kujaza nyumba, alisema, mshukuru Mungu, endelea na unachofanya.

Nilimtazama usoni. Alijua. Lilipita machoni pake wazi kabisa, jibu la mtu wa kazi yake, na akajua kwamba nimeliona.

Kikohozi cha tatu kikaja.

Vidole vyake vikalegea. Mkono wangu ukabaki hewani peke yake, nikaushusha.

"Ngoja kidogo," alisema, bila kunitazama. "Narudi sasa hivi."

Muuguzi anayeamini mama yake anakata roho hukimbia. Nilisimama pale nikimwomba Mungu akimbie, maana angekimbia ningemsamehe, ningekimbia naye, ningemshikia hata hiyo pampu. Hakukimbia. Alitembea. Alikatiza ua kwa hatua za kawaida, akajifuta viatu kwenye mkeka, akaingia sebuleni, akaufunga mlango nyuma yake.

Kikohozi kilikoma hapohapo.

Fundi aliuliza kama tunamsubiri. Nikapanda nyuma yake, nikakusanya gauni lisiingie kwenye gurudumu, nikamwambia awashe.